Sweta Nililolalisha Kama Muhogo

Mpaka leo nikiwa Mbarara nikaona duka lenye masweta dirishani, navuka barabara nikatembee upande wa pili, hata kama upande wa pili ni jua kali na huku kuna kivuli. Naona aibu kuandika sababu yake. Lakini daftari hili nililianza ili niandike mambo yalivyokuwa, siyo yale mazuri peke yake, na nyinyi wenzangu mliosikia kisa hiki pale bombani mlikisikia vipande vipande, kila mtu na chumvi yake (kuna anayesema polisi alinikamata, si kweli, aliniambia tu ninyooshe mikono, na hilo nitalieleza). Shule niliiachia darasa la tano kule kwetu Walungu, Kongo, kwa hiyo nikikosea kupanga maneno mnivumilie. Nitajaribu kutomsingizia mtu.

Konsolata mnamjua, lakini nitamweleza kwa asiyemjua. Ni jirani yangu hapa Kashojwa, ndani ya kambi ya Nakivale, Uganda, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Anafuma. Uzi wa sufu haupatikani hapa, kwa hiyo siku za soko anainama kwenye marundo ya mitumba, anashika sweta moja moja kwa vidole viwili na kufumba macho, akisikia ni sufu ya kondoo kweli, hata kama limetoboka mgongoni, analinunua, analifumua, anaosha uzi, anauzungusha kuwa mpira, halafu anaanza upya. Sweta ninaloliongelea lilimchukua miezi mitano. Lilikuwa na rangi ya maziwa, na kifuani alilizungushia mstari wa majani ya maharage, ya kijani, kila jani na mshipa wake. Mama mmoja mwenye duka Mbarara aliona picha yake kwenye simu ya mtu, akatuma neno: aletewe Alhamisi asubuhi, na kama ni zuri kama picha, atamletea Konsolata uzi yeye mwenyewe na kuchukua kila atakachofuma.

Mwelewe hapo uzito wake. Konsolata mgongo umemwisha kwa kulima mashamba ya watu. Kwake sweta lile lilikuwa mlango wa kutoka shambani.

Sasa Jumatatu malaria ikamlaza. Nilimkuta amejifunika blanketi mbili na meno yanagongana. Akanionyesha sweta lililokuwa limetundikwa karibu na jiko, maana alikuwa anafumia pale pale anapopika.

"Mama Riziki, linanuka moshi," akasema. "Nifulie, na Alhamisi unipelekee Mbarara. Maji ya baridi, sabuni kidogo, usilikamue. Na usilianike kwenye kamba. Lilaze."

"Nililaze," nikasema.

"Lilaze vizuri."

Nikaondoka nalo kifuani kama nimebeba mtoto mchanga, na njiani lile neno likawa linanizunguka kichwani. Nililaze. Kwetu Kivu, mtu akisema kitu kilale, sisi kwanza tunawaza muhogo. Muhogo mchungu unaumenya, unauweka ndani ya beseni, unamimina maji, unatia jiwe juu usielee, unaulalisha siku mbili tatu mpaka ulainike, ndipo unaukausha na kuutwanga. Nikafikiri, na hili sweta ni sufu, sufu ni ngumu, inachoma shingoni, bila shaka inataka kulala ndani ya maji ilainike, ndipo ianikwe. Kwa sababu gani tena angesema usilianike, lilaze? Yaani usilianike haraka, lilalishe kwanza. Nilisimama njiani. Nilitaka kurudi nimuulize: nililaze wapi, jirani? Maneno matatu tu. Lakini nikaona aibu, yeye anaongea Kiswahili cha vitabu, atasema huyu mama wa Walungu hata kufua hajui. Nikaendelea kutembea. Yote yaliyofuata yalitoka pale niliposimama kisha nikaendelea.

Nililitia kwenye beseni, na ukweli lazima niuseme, lilikuwa beseni langu la muhogo. Nililisugua mara mbili kabla, lakini beseni la muhogo ni beseni la muhogo. Nikatia sabuni, nikatia maji, nikachukua lile jiwe langu na kuliweka juu taratibu. Majani ya maharage yakawa yananiangalia kutoka chini ya maji. Lilikuwa jambo zuri kuliona, siwezi kukataa. Nilikaa kwenye kigoda nikiangalia mapovu madogo yanatoka kwenye sufu moja moja, na nikawakumbuka kondoo wa baba yangu, ukungu ukishuka asubuhi huwezi kujua ukungu unaishia wapi na kondoo wanaanzia wapi, unasikia tu kengele. Nikasinzia pale pale mchana. Nadhani nililala vizuri kuliko sweta.

Jumatano nilipoondoa jiwe, maji yalikuwa ya kijani na yananuka. Yalinuka muhogo wa siku tatu, na chini ya muhogo kulikuwa na harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Nikajiambia likipata hewa itaisha. Nikalitundika kwenye kamba. Basi maji yote yakakimbilia chini na kulivuta, na kila nikitoka nje kuliangalia naona limerefuka. Saa sita mikono ilikuwa imefika pale magoti ya mtu yanapokuwa. Saa nane upindo wake ulikuwa unakaribia kugusa kuku.

Mzee Burume, yule anayeuza makaa, akapita na baiskeli yake, akashuka.

"Mama Riziki, hii triko ni ya nani? Iko ya padri?"

"Ni ya Konsolata. Ilikuwa fupi."

"Sasa iko kanzu." Akaizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. "Kule Bukavu, triko ikilegea tulikuwa tunaitia mu maji ya moto. Inajirudia."

"Moto namna gani?"

"Moto tu, mama."

Haki yake lazima niiandike: baadaye Mzee Burume aliniapia kwamba alimaanisha maji ya kumwogeshea mtoto. Mimi nikachemsha maji mpaka mfuniko ukacheza, nikalitumbukiza, na nikalisugua kwa nguvu ili na ile harufu itoke. Nilisikia kwenye vidole vyangu linabadilika. Siwezi kulieleza vizuri, ni kama kumshika mtu mkono na ghafla akaukunja ngumi. Lilipotoka lilikuwa zito, nene kama blanketi la kambi, na dogo. Majani ya maharage yalikuwa yamejikunja yakawa kama ya mchicha. Lingemtosha msichana wa miaka kumi na miwili, tena asiye na hamu ya kula.

Hapo mtu mwenye akili angeenda kwa Konsolata na kusema nimeharibu. Nilienda, mjue, nilifika mpaka mlangoni. Akaniuliza kwa sauti ndogo, akiwa amelala, "Limekauka?" Nikasema, "Bado kidogo." Akasema, "Nimeota wamelitundika dirishani." Mimi nikaondoka.

Alhamisi alfajiri lilikuwa bado limelowa na mimi nikapata wazo lingine (mawazo hunijia mengi siku mbaya). Nikawaza, kitu kilichojikunja kinanyooshwa na nini? Kinanyooshwa na mtu. Nikajipaka mafuta mikononi, nikavaa fulana ya zamani ya kampeni, ile yenye sura ya bwana mmoja aliyeshindwa uchaguzi, kisha nikajiingiza kwenye sweta pole pole. Liliingia kwa sababu lilikuwa limelowa. Lilinibana kila mahali, mikono iliishia kwenye viwiko, lakini liliingia, na nikafurahi nikijua mwili wangu utalinyoosha njiani, na upepo utalikausha, na nikifika Mbarara nitalivua likiwa sweta tena. Juu nikajifunga kitenge.

Nilipata nafasi mbele kwenye pikapu ya nyanya, dirishani. Dereva alinusa mara moja, akaniangalia, akafungua dirisha lake mpaka chini (mtu wa heshima, Mungu ambariki). Nikatoa mkono wangu nje. Jua lilikuwa linatoka upande wa ziwa na ukungu umekaa juu ya maji, ng'ombe wa pembe ndefu wamesimama ndani ya ukungu bila miguu, na upepo ukapita kwenye sufu nikasikia inakauka uzi kwa uzi, ikinikumbatia, kila kilima inanikumbatia zaidi. Nilijiona ndani ya picha ya mtu mwingine. Niliona duka, niliona sweta dirishani, rangi ya maziwa, watu wanasimama kuliangalia. Sijui kama nililala au nilikuwa macho. Nilichojua ni kwamba tulipofika Mbarara sikuweza kukunja mkono wangu vizuri kuurudisha ndani ya gari.

Mpango wangu ulikuwa nilivue kabla ya kuingia dukani. Nikatafuta uchochoro, nikajaribu, halikuvulika. Nikajaribu tena. Saa tatu ikafika, nikaingia nalo, nikaliachia kitenge kilifunike mpaka shingoni.

Mama wa duka alikuwa mwanamke mnene, mpole, Mnyankore, na Kiswahili chake cha kuokota sokoni lakini kinaeleweka. Dukani kulikuwa na bibi harusi na shangazi yake wanachagua shali, na polisi mmoja anapima soksi kwenye ngumi yake.

"Karibu, nyabo," akasema, yaani mama kwa lugha yao. "Wewe iko natoka Nakivale? Keti."

Nikakaa. Dukani hakukuwa na upepo. Baada ya muda kidogo yule shangazi akaanza kukunja pua, na mama wa duka naye akainua kichwa.

"Hapa kitu nakufa," akasema. "Panya. Juzi niliweka dawa ya panya, sasa yeye nakufia ndani ya nguo yangu."

Akaanza kuvuta maboksi. Polisi akaweka soksi chini na kuinama chini ya rafu na tochi ya simu. Na mimi, wenzangu, hii ndiyo sehemu niliyokuwa siwezi kuisema pale bombani, na mimi niliinuka nikawasaidia. Niliinama nikatafuta panya. Nilihamisha boksi mbili za kofia za watoto. Ajabu ni kwamba kila nilipohamia, harufu ilihamia, na polisi akasema, "Iko hapa upande ya mama. Hapana, sasa iko kule. Hii panya nakimbia."

"Panya ya kufa haikimbii," shangazi akasema.

Nikarudi kwenye kiti changu. Mama wa duka akajifuta mikono, akanigeukia ili angalau apate jambo moja la kufurahisha asubuhi ile.

"Sasa, ile sweta iko wapi?"

Nikafungua kitenge. Akaliangalia kutoka shingoni mpaka viwikoni.

"Toa niangalie ndani," akasema.

Nikashika upindo nikavuta juu. Lilifika kifuani, likapita kifua kwa shida, likafunika uso wangu, na hapo likakataa. Mikono yangu ilikuwa imenyooka juu na haishuki. Kichwa kiko ndani. Nilisikia polisi anasema, "Nyoosha mikono, mama. Usitembee. Sasa uko chini ya ulinzi ya sweta," na bibi harusi akacheka halafu akajizuia.

Ndani mle palikuwa na mwanga. Nilitegemea giza, lakini jua la mlangoni lilikuwa linapita kwenye sufu, kila tundu la uzi likawa nyota ndogo ya rangi ya maziwa, na majani ya maharage yalikuwa mbele ya macho yangu kabisa, karibu kuliko nilivyowahi kuyaona. Sauti za watu zilikuwa mbali kama kengele kwenye ukungu. Nikaona kazi ya Konsolata. Hata baada ya muhogo, hata baada ya maji ya kuchemka, hakuna kishono kilichokuwa kimeachia. Nilitamani nibaki mle. Kisha nikasikia mama wa duka, taratibu, anamwambia shangazi:

"Huyu mtu wa kufuma yeye hajui kazi. Watu ya picha nadanganya tu."

Nikajua ninaweza kunyamaza. Wangenitoa, ningeondoka, nisionekane tena, na aibu ingebaki na mtu aliyelala na malaria Kashojwa. Nililiwaza jambo hilo, sitaki kujisafisha, nililiwaza kwa muda wa pumzi tatu. Halafu nikasema, kutoka ndani ya sweta:

"Mama, hakuna panya. Panya ni mimi."

Nikaendelea:

"Aliyefuma anajua kazi. Aliniambia nililaze, nikalilaza ndani ya maji kama muhogo, siku mbili, na jiwe juu. Halafu likarefuka, nikalichemsha. Halafu likafupika, nikalivaa. Yeye hayupo, ni mgonjwa. Haya yote ni mikono hii." Na mikono ilikuwa juu, kila mtu anaiona.

Walinitoa kwa mkasi. Mama wa duka alikata ubavuni, shangazi anavuta, polisi amenishika kiuno nisianguke. Nilipotoka na fulana yangu, polisi akaitazama ile sura kifuani akasema, "Na huyu bado natafuta kura?" na safari hii bibi harusi hakujizuia, wala mimi sikumlaumu.

Mama wa duka hakucheka. Alilichukua sweta mpaka mlangoni kwenye mwanga, akaziba pua kwa mkono mmoja na kwa mwingine akafuata mshono wa bega, akaugeuza, akaukwaruza na ukucha. Kisha akanirudishia ndani ya mfuko mweusi.

"Ambia yeye alete ingine," akasema. "Alete yeye. Wewe usifue, na usilete."

Konsolata alikuwa amekaa kitandani niliporudi. Nilimpa mfuko nikamweleza yote, bila kupunguza. Alilitandaza juu ya magoti yake.

"Nilisema lilaze," akasema.

"Nililaza."

"Kulaza ni kutandaza, Mama Riziki. Juu ya kitu kikavu. Ili lisivutike."

"Sasa nimejua."

Akageukia ukutani. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Siku tatu hakunifungulia. Siku ya nne alikuja mwenyewe, amekonda, anashika ukuta, akaniuliza kama nina shughuli. Nikasema sina. Nilizunguka naye masoko yote ya hapa, na mara moja mpaka Kikagate mpakani, nikinunua kwa pesa yangu na kubeba mimi, nimejifunza kufumba macho na kushika kwa vidole viwili. Alipofumua, nilikaa mbele yake nimenyoosha mikono ili auzungushe uzi, mikono juu, asubuhi mpaka mchana, na mara moja alitazama mikono yangu ilivyokaa na nikaona mdomo wake unatetemeka. "Usitembee, mama," akasema. Nikajua tumeanza kupona.

Sweta la pili alilifua yeye. Alilitandaza juu ya kitanda changu, kwa sababu chake ni kidogo, na mimi nilikaa mlangoni nikifukuza kuku. Alienda nalo mwenyewe Mbarara. Jioni alirudi bila sweta, na mfuko mkubwa wa uzi mpya wa sufu kichwani, na ujumbe mmoja: mama wa duka anataka kila sweta liwe na kikaratasi chenye maneno ya jinsi ya kulitunza, yaandikwe kwa Kiswahili rahisi, na yaandikwe na mtu anayejua njia zote za kuliharibu.

"Alinitaja?" nikauliza.

"Alisema yule wa panya."

Basi ndiyo kazi yangu sasa. Nimeapa sitaloweka sufu ya mtu tena maishani, na nimeapa neno nisilolielewa nitaliuliza hapo hapo, hata mbele ya padri. Nakaa mezani na kalamu na mwandiko wangu wa darasa la tano, naandika moja baada ya jingine. Maji ya baridi. Sabuni kidogo. Usikamue. Usianike kwenye kamba. Neno laza nimeliacha kabisa. Nimeandika: litandaze juu ya kitambaa kikavu, kivulini, mpaka likauke. Na chini yake nimeongeza mstari wangu mwenyewe: siyo ndani ya maji.

Konsolata alipousoma aliinua macho kutoka kwenye sindano zake. "Huu wa mwisho uutoe," akasema. "Nani ataenda kulitandaza ndani ya maji?"

Nikachukua kikaratasi kingine, nikauandika tena.